Mwaka wa kwanza wa sayansi chuoni Mwanza: tafuta saa zako kwanza

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita cha sayansi, PCB, PCM au CBG, na jina lako limetoka kwenye orodha ya chuo cha Mwanza, hongera. Wengi wenu mnapanda kilima cha Bugando, CUHAS, chuo kikuu cha afya, kusomea udaktari, famasia, uuguzi au sayansi ya maabara. Wengine mnaelekea Malimbe na Nyegezi. Kozi zinatofautiana, ila shida ya mwaka wa kwanza ni ile ile. Shuleni saa zako zilikuwa mikononi mwa watu wengine: kengele, prepu, mwalimu wa zamu, hata taa za bweni zilizimwa kwa ratiba. Chuoni hakuna atakayekuuliza uko wapi saa tisa alasiri. Wanaokamatwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza mara nyingi ni watu waliopata divisheni wani, wakafika hapa wakadhani kila saa isiyo na kipindi ni ya mapumziko.

Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini, hata ile ya kodi ya chumba na ile ya dagaa, inaishia kwenye hesabu ya saa.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda basi

Beba vyeti halisi, matokeo ya kidato cha sita yaliyochapishwa kama cheti bado hakijatoka, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha ndogo za pasipoti na ile fomu ya daktari ikiwa imejazwa na kugongwa muhuri. Toa fotokopi za kutosha nyumbani kwenu, kwa sababu siku ya usajili foleni ya fotokopi getini huweza kuzidi ya usajili wenyewe. Kila karatasi ipige picha na ujitumie kwenye barua pepe.

Kama umepata mkopo, usije na nauli tu ukitegemea bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo. Bumu linasubiri usajili ukamilike na jina la akaunti yako ya benki lilingane na la cheti. Herufi moja ikipishana, ukawa Masanja huku na Masanga kule, utazunguka maofisini wenzako wakiwa darasani. Njoo na hela ya kula ya mwezi mzima. Kama nyumbani haipo, ongea na mjomba au shangazi mapema, kabla hujaondoka, maana kuomba kwa simu ukiwa na njaa kuna ugumu wake.

Kalkuleta ya sayansi ya kidato cha sita ije. Laptopu iliyotumika inatosha, mradi betri ikae saa mbili tatu umeme ukikatika. Vitabu vikubwa usinunue bado. Vimo maktaba, na utajua unavyovihitaji baada ya mwezi. Ukitoka Musoma, Bunda au Tarime mara nyingi utashukia stendi ya Nyamhongolo. Ukitoka Shinyanga, Kahama, Dodoma au Geita, Nyegezi. Muulize kondakta kabla hujampigia mwenyeji wako, maana stendi hizo ziko pande mbili tofauti za jiji.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa

Hii fanya wiki ya kwanza, kwa kalamu na karatasi. Fungua prospektasi ya chuo, kile kitabu cha kozi na kanuni zake, utafute kozi yako, uangalie krediti za kila somo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada unabeba krediti zisizopungua 120. Zidisha: saa 1,200. Gawa kwa mihula miwili: 600. Muhula ukiwa na wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki.

Sasa chukua ratiba yako na uhesabu vipindi vyote, lekcha, semina na maabara. Tuseme ni saa 24. Arobaini kutoa ishirini na nne ni 16. Saa hizo 16 hazina chumba, hazina mhadhiri, wala hakuna karatasi ya kusaini mahudhurio. Lakini aliyepanga somo ameshazihesabu, na anayetunga mtihani anatunga akiamini ulizitumia. Mwanafunzi anayehudhuria kila kipindi na kuishia hapo, akijiona mwadilifu kabisa, amefanya asilimia 60 ya kazi. Kozi za afya vipindi ni vingi zaidi, kwa hiyo saa za peke yako ni chache, ila mambo yanayotakiwa kuingia ndani yake ni mengi.

Zipe saa hizo 16 mahali na jina. Usiandike "kusoma jioni". Andika "Jumatatu, saa kumi hadi saa kumi na mbili, maktaba, baiokemia". Saa mbili kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni 10. Jumamosi asubuhi nne. Jumapili baada ya ibada mbili. Umefika 16, na jioni nyingi bado ni zako. Kwaya, msikiti, mpira, vyote viandike kwenye ratiba hiyo hiyo ili visigombane na baiokemia kwa kuviziana.

Hatua ya 3: Chagua chumba kwa saa, bei ifuate

Ukipata hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, chukua. Usisikilize wanaosema geto, chumba cha kupanga mtaani, lina uhuru. Uhuru huo utaupata mwaka wa pili ukiwa umeshaujua mji.

Kama hosteli imekukosa, jua kwamba Mwanza ni mji wa mawe na miteremko. Bugarika, Igogo, Mabatini: kadiri unavyopanda, kodi inashuka na ziwa linaonekana vizuri zaidi. Wenye nyumba watakuonyesha hilo ziwa kwanza. Wewe angalia maji ya bomba yanafika wapi, kwa sababu presha ikiwa ndogo utabeba ndoo juu ya mawe kila siku. Angalia njia pia. Mnaanza masomo wakati mvua za vuli zinaanza, Oktoba mpaka Desemba, na jiwe lililolowa saa nne usiku ukitoka maktaba halina urafiki. Vyumba vya bondeni karibu na Mto Mirongo navyo viulizie mvua kubwa inafanya nini pale.

Halafu pima umbali kwa dakika. Chumba kilicho dakika 45 kwa daladala na foleni yake, kwenda na kurudi, siku tano, kinakula saa saba na nusu kwa wiki. Hiyo ni karibu nusu ya zile 16. Ukiongeza nauli, unafuu wa kodi umeisha, na bado umechoka. Ndiyo sababu wanaosoma Malimbe hubanana kuzunguka chuo, na mimi nawaunga mkono, hata kama chumba ni kidogo na kiko mbali na taa za mjini.

Ukienda kuona chumba, nenda mara mbili, mchana na usiku. Msalimie mwenye nyumba vizuri, kisha uliza bila aibu: "Shikamoo mama. Maji yanatoka siku zipi? Luku ni ya kila chumba au tunachangia? Geti linafungwa saa ngapi? Kipindi cha mitihani nikirudi saa tano itakuwaje?" Swali la mwisho ndilo wengi hulisahau, na ndilo huleta ugomvi Februari. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo huombwa sana. Omba kuanza na mitatu. Mkataba uandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na wote wawili msaini.

Mwenza wa chumba mchague kwa ratiba. Kutoka wilaya moja hakusaidii kitu kama yeye hulala saa tisa usiku na wewe una maabara saa mbili asubuhi.

Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza

Wakati wa utambulisho kutakuwa na hotuba nyingi. Nenda kwenye zote, lakini kuna kazi nne ambazo hakuna hotuba itakayokufanyia.

Soma kurasa za prospektasi zinazohusu mitihani. Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kozweki, kazi na majaribio ya muhula, na 60 kwa UE, mtihani wa mwisho wa muhula, lakini hakikisha chako. Alama ya kufaulu vyuo vingi ni 40. Kwenye kozi za afya mara nyingi ni 50, na hiyo 10 ya tofauti imewashangaza wengi. Angalia kiwango cha mahudhurio, sharti la kuruhusiwa kufanya sapu, na kinachomfanya mtu adisko, yaani aondolewe masomoni.

Jifunze jinsi GPA inavyotoka. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, na kila pointi inazidishwa kwa krediti za somo. Tuseme una somo la krediti 12 na lingine la krediti 6. Ukipata A kwenye la 12 na C kwenye la 6, wastani ni 4.0. Ukigeuza, C kwenye la 12 na A kwenye la 6, unapata 3.0. Herufi ni zile zile. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Kwa hiyo somo zito halistahili saa sawa na somo jepesi eti kwa sababu yote yametokea mara mbili kwenye ratiba.

Mfahamu fundi wa maabara. Msalimie kwa jina, shikamoo yake aipate kila siku. Yeye ndiye anayejua pipeti ipi inavuja, hadubini ipi taa yake inafifia, na zoezi la wiki ijayo litahitaji nini. Wanafunzi humpita kama hayupo, wakimkimbilia daktari mwenye somo ambaye ana watu 200 wa kumsubiri.

Mfahamu CR, kiongozi wa darasa, kwa sababu vipindi vitahamishwa kwa ujumbe wa saa mbili usiku. Kundi la WhatsApp la darasa lizime sauti, ulisome mara mbili kwa siku. Humo ndimo madesa yatakapomiminika: noti za kaka na dada waliopita, mitihani ya zamani, slaidi za miaka iliyopita. Mitihani ya zamani ichukue yote, inakuonyesha mtindo wa maswali. Noti za watu zitumie kwa tahadhari. Desa likishanakiliwa na vizazi vinne linabeba makosa ya mwandishi wa kwanza, na kila mwaka kuna mhadhiri anayelitambua kosa hilo kwenye majibu ya watu thelathini.

Hatua ya 5: Lekcha ya leo, jioni ya leo

Lekcha moja ya chuo inaweza kumeza kilichochukua wiki nzima kidato cha sita. Ukijaribu kunakili slaidi utatoka na maandishi mengi na kichwa kitupu. Slaidi utapewa. Andika kile ambacho hakimo: mfano aliotoa, neno alilorudia mara tatu, mahali aliposema "hapa wengi hukosea".

Jioni hiyo hiyo, ndani ya zile saa mbili, funga kila kitu. Chukua karatasi tupu na uandike unachokumbuka kwenye lekcha ya leo, kwa michoro na mishale, bila kuchungulia. Itauma, utaona karatasi haijai. Kisha fungua noti na ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Hizo nyekundu ndizo za kurudia baada ya siku tatu na tena baada ya wiki. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa. Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo huisha siku ya mtihani.

Msuli wa usiku kucha siukatazi, maana najua mtaupiga tu. Lakini uwe wa kurudia nyekundu zako. Kuanza kuisoma topiki mara ya kwanza saa nane usiku, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya baridi, ni mateso yasiyo na faida.

Kikundi cha majadiliano kiwe cha watu watatu au wanne. Wakifika wanane kinageuka kijiwe. Kila mmoja apewe topiki ya kuwaeleza wenzake, na aeleze kwa Kiswahili. Mtu aseme kwa lugha ya nyumbani kwa nini chembe nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu inavimba mpaka inapasuka, na ikiwekwa kwenye maji ya chumvi nyingi inanywea. Akikwama, ujue alikuwa amekariri sentensi za Kiingereza. Akishaeleweka, wote mwandike jibu hilo kwa Kiingereza, mistari mitano, kimya, kisha mbadilishane karatasi. Mtihani utasahihishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kuandika kusirukwe hata siku moja.

Na uulize. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanga, aliona mchanganyiko wake wa maziwa wa moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya ule uliopoa. Alipouliza alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo cha Dar es Salaam aliyetembelea shule yake ya baadaye, Mkwawa kule Iringa, naye hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo kwa jina la Mpemba. Ukienda kwa mhadhiri nenda na swali lenye anwani: "Shikamoo daktari. Kwenye hatua ya tatu ya mzunguko huu sijaelewa kaboni moja imekwenda wapi." Huyo anajibiwa. Anayesema "sijaelewa lekcha yote" anaambiwa akasome.

Hatua ya 6: Maabara

Hapa ndipo waliotoka shule zenye maabara kamili na waliotoka shule zilizofanya praktiko wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa wanapoonekana tofauti. Tofauti hiyo inafutika ndani ya muhula mmoja ukifika umejiandaa.

Usiku wa kabla, soma karatasi ya zoezi na uichore kama hatua: nini kinaingia wapi, kiasi gani, kwa chombo gani. Asubuhi vaa koti, viatu vya kufunika, nywele zifungwe. Malapa yatakurudisha geto.

Nikupe mfano mmoja kamili, kwa sababu utakutana nao mapema. Unaambiwa tengeneza mililita 250 za asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, na chupa iliyopo ni ile kali, takriban moli 12 kwa lita. Kiasi unachohitaji ni 0.1 mara 250, gawa kwa 12: mililita 2.08, yaani karibu 2.1. Fanya hesabu hiyo kabla hujagusa chupa, na mwenzako aifanye peke yake, mlinganishe. Kazi ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana chupa hiyo ikifunguliwa inatoa mvuke unaochoma pua. Weka kwanza maji yaliyosafishwa kwenye flaski ya mililita 250, kama nusu. Vuta asidi kwa pipeti yenye mpira wa kuvutia, kamwe si kwa mdomo. Iachie taratibu ndani ya maji. Asidi huenda kwenye maji. Ukimimina maji juu ya asidi kali, joto linalotoka hapo linaweza kuirusha usoni. Flaski ikipoa, jaza maji mpaka karibu na alama, matone ya mwisho kwa dropa, jicho likiwa usawa wa alama na chini ya mkunjo wa maji ukigusa mstari. Funika, pindua juu chini mara kadhaa. Andika jina la kimiminika, nguvu yake, tarehe na jina lako. Flaski isiyo na lebo inamwagwa, hata kama umeitengeneza vizuri namna gani.

Sasa umetitreti mara tatu na bureti imekupa 24.35, 23.80 na 23.85. Wengi hujumlisha zote na kugawa kwa tatu, wanapata 24.00 na kufurahia namba nzuri. Lakini ile ya kwanza ni ya majaribio, ulipita mwisho wa rangi ukiwa bado unatafuta. Mbili zinazokubaliana ndizo za kuchukua, wastani wake ni takriban 23.8, na ile 24.35 ibaki kwenye jedwali ikionekana. Usiifute. Daftari la maabara huandikwa kwa kalamu ya wino, moja kwa moja, na kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke. Kuandika kwenye vikaratasi ili ukanakili vizuri nyumbani ndiko kunakozaa kupika majibu. Na majibu yaliyopikwa yanajulikana, kwa sababu vikundi sita vyenye namba zinazofanana hadi desimali ya pili havitokei maabara yoyote duniani.

Ripoti iandike ndani ya saa 24, ukiwa bado unakumbuka kwamba rangi ilibadilika polepole. Kipande chenye alama nyingi na kinachoandikwa kivivu zaidi ni mjadala wa matokeo. "Makosa ya kibinadamu" si jibu. Sema kosa gani, linapeleka jibu juu au chini, na kwa kiasi gani.

Kwa wanaosoma afya, siku ya kwanza kwenye chumba cha anatomia harufu ya formalini itakuwasha macho. Kula kidogo kabla, tumbo tupu ndilo linaloangusha watu. Ukizidiwa toka nje kimya, hakuna atakayekucheka ila wapumbavu. Picha usipige kabisa. Yule ni mtu.

Jambo moja la kukufungua macho: sayansi yenyewe inafanyika jirani yako. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo Mwanza, na TAFIRI wanachunguza samaki wa ziwa hili hili. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani hapa na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Namba hiyo ilitokana na watu walioandika madaftari yao vizuri katika zahanati zisizo na umeme wa uhakika. Ukiona tangazo la mada ya wazi, nenda ukakae nyuma, hata kama utaelewa theluthi.

Hatua ya 7: Hesabu na kompyuta

PCB wengi waliagana na hisabati kwa BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, na kushukuru Mungu. Itawarudia kwenye takwimu, dozi na pH. Rudisha logi mapema: nguvu ya ioni za hidrojeni ikiwa 0.001, pH ni 3. Ukiipunguza nusu, pH haiwi 6 wala 1.5, ni 3.3. Ukielewa kwa nini, umeshavuka sehemu kubwa.

Kwenye kompyuta jifunze Ekseli kabla ya kingine chochote: kuingiza data, kupata wastani na mchepuko wa kawaida, kuchora grafu yenye majina ya mihimili na vipimo. Wikiendi mbili zinatosha.

Akili mnemba itumie kama mwenzako wa kukuuliza maswali. Ibandikie noti zako, iambie ikutungie maswali kumi, ujibu kwa kuandika. Ikikutajia kitabu au makala, nenda ukakitafute kwa macho yako kabla hujaandika, kwa sababu hutunga majina ya makala yasiyokuwepo kwa ujasiri mkubwa.

Hatua ya 8: Bumu na sufuria

Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inakuja kwa mkupuo: siku 60 ni 600,000. Ukiishika yote kwa pamoja inaonekana nyingi. Wiki ya bumu chipsi kuku zinaisha mapema vibandani. Wiki ya saba watu wanakunywa uji na kusema wamefunga.

Siku inapoingia, toa kodi. Toa fotokopi na bando. Kinachobaki gawa kwa idadi ya wiki, kila wiki ihamishwe Jumapili kwenda kwenye laini unayoitumia, nyingine ibaki benki ambako kadi hutembei nayo. Kubeti na mikopo ya kwenye simu vimekula bumu za watu wenye akili kuliko mimi na wewe.

Chakula, nakushauri hivi: pikeni wawili au watatu kwa zamu, kwa mtungi mdogo wa gesi. Mkaa ni nafuu kwa macho, lakini kuuwasha na kuungoja ni saa nzima ya ile ratiba. Dagaa nunueni kwa wingi mwaloni Kirumba Jumamosi, kavu, wachambuliwe mchanga hapo hapo na watunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Maharage yachemshwe ya siku tatu. Sato ni wa wiki ya bumu. Na ukitoka nyumbani Usukumani, njoo na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na usiione haya: inakaa miezi, haihitaji friji, na usiku wa mtihani inashinda biskuti.

Hatua ya 9: Mwili

Ziwa litakuita siku ya jua. Usiogelee kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, wala kufulia humo miguu ikiwa ndani. Kichocho cha tumbo kipo sana mwambao huu; vijidudu vyake hutoka kwa konokono na hupenya ngozi yenyewe bila kidonda. Ukiwa umeshaingia, nenda ukapime choo baada ya wiki kadhaa hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi kupatikana. Chandarua lala nacho hosteli na geto. Homa ikianza, pima malaria siku hiyo hiyo, kwa sababu kumeza dawa kwa kukisia kumewapotezea watu wiki nzima ya majaribio.

Usingizi usiushushe chini ya saa sita. Na ukijikuta siku nyingi mfululizo hutaki kutoka kitandani, huli, hupokei simu ya mama, hiyo si uvivu. Mwambie mwenza wako wa chumba na uende kwa mshauri wa wanafunzi; ofisi hiyo ipo kwa ajili ya hilo, na huwa haina foleni.

Hatua ya 10: Jaribio la kwanza hadi sapu

Jaribio la kwanza litakuumiza karibu hakika. Mtu aliyezoea 80 anarudishiwa 43 na anaanza kufikiria kubadili kozi. Usiamue lolote wiki hiyo. Omba karatasi yako na upange makosa mafungu matatu: nisilolijua, nililolijua nikashindwa kulieleza kwa Kiingereza, nililolijua muda ukaisha. Fungu la kwanza likizidi, saa zako 16 hazikutimia. La pili, ongeza kuandika kwenye kikundi. La tatu, fanya mitihani ya zamani kwa saa ukutani, mlango umefungwa.

Alama zako za kozweki zihakiki ubaoni kabla ya UE kuanza. Jina lililorukwa linarekebishwa kwa dakika tano kipindi hicho, na kwa miezi miwili baadaye. Siku ya UE beba kitambulisho, jua ukumbi tangu jana, na simu iache nje. Kukutwa nayo mfukoni, hata ikiwa imezimwa, kunaweza kukugharimu mwaka.

Matokeo yakitoka na una sapu moja au mbili, hujadisko. Vyuo vingi sapu ukifaulu unaandikiwa C tu hata ukipata 90, kwa hiyo lengo ni kupita na kuendelea. Angalia tarehe zake kabla hujakata tiketi ya likizo, mwambie mwenye nyumba kwamba chumba bado unakitaka, na omba mwongozo wa topiki kwa mhadhiri kabla naye hajasafiri.